Nyuma ya Swala

Nina picha za swala za kutosha kubandika kuta zote za Ibra, nje na ndani, na zikabaki za kufungia maandazi. Dada yangu alikuwa na kanuni yake: kila ninachokisema mimi kigawanywe kwa nne ndipo kiaminiwe. Haya, zigawe kwa nne. Bado ni swala wengi. Lakini ya dada yangu mwenyewe, aliyenilea, aliyenisomesha, aliyenifokea mpaka nikawa mtu, sina. Ipo ile ya paspoti aliyokuja nayo kutoka Unguja, ndogo kama kipande cha biskuti, na muhuri umempita katikati ya uso, kuanzia jicho la kulia mpaka kidevuni. Nimeitazama miaka mingi hata muhuri naujua vizuri kuliko uso.

Na muhuri hauna kosa. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote, mchana kweupe, nimesimama dukani nachagua lenzi.

Tulikuja Oman mimi nina miaka tisa, yeye ishirini na mbili. Wazazi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, baba kwanza, kisha mama nikiwa mtoto wa miaka minne. Dada akaolewa Ibra, akafiwa na mumewe, hakutaka tena. Tukabaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu na mndimu mmoja uani, yeye anashona kofia za kuuza, mimi nanenepa. Kofia zake zilikuwa na vitundu vidogo hata mbu akitaka kupita lazima ajikunje. Watu walitoka Sur kuja kuziagiza, na wakisubiri miezi.

Shule niliiacha mapema kwa ujinga wangu, nikaenda kubeba maboksi katika bohari ya vifaa vya shule. Ni dada aliyenishika sikio, na wakati huo lilikuwa sikio la mtu wa miaka ishirini na sita, lina nywele, akanipeleka kuniandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Nikamaliza sekondari mwalimu wangu akiwa mdogo wangu kwa miaka miwili. Siku ya kupewa shahada nilivaa kofia mpya aliyonishonea, nikaizunguka Ibra nzima nimeishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kazini wakanipandisha cheo: badala ya kubeba maboksi, nikawa naandika mangapi yamebebwa.

Mama simkumbuki uso. Nakumbuka mkono wake ukinifuta makamasi, basi. Nilipokuwa mdogo nikimsumbua dada kila siku.

"Mama alikuwa vipi?"

"Kama mimi."

"Kama wewe kweli?"

"Kama mimi, ila mrefu, na hana mdomo kama huu. Nitazame, ushamwona."

Basi nikimtazama. Na hakunidanganya, kwa sababu wazee waliomjua mama, wakifika kwetu na dada akawafungulia mlango, walishtuka kwanza ndipo wakatoa salamu. Mimi nilikuwa na uso mmoja wa kuangalia, na ndani yake nikiwapata watu wawili.

Sasa, dada hakuwa akipigwa picha. Si kwamba aliona haramu. Picha za wenzake alikuwa akizishika, akizitazama, na akizisema vibaya kwa raha zote. Lililomkera ni ile njia ambayo picha hupitia. Siku zile mkanda ulikwenda dukani, ukaingia chumba cha giza na mwanamume, akautia katika maji yake, akautundika, akautazama kwenye taa. Wanawake wengi wa mitaa yetu walikataa kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona albamu za harusi zenye kila kitu mpaka sufuria, isipokuwa bibi harusi.

"Nikae uani kwangu, kanga moja, nacheka, meno nje," alikuwa akisema, "halafu fundi akanianike kwenye kamba kama samaki wa ng'onda? Lo! Sina dhiki hiyo."

"Dada, fundi hana habari na wewe. Anasafisha picha mia kwa siku."

"Na yule ndio mbaya zaidi, anakijua Kiswahili! Mgeni angeniona asinijue. Yule ataniona leo, kesho ananisalimu."

Lakini aliweka sharti, na sharti hilo alilirudia mara nyingi, hata siwezi kudai nilisahau. "Siku utakayojua kusafisha mwenyewe, humu ndani, jikoni kwangu, kwa mikono yako, hiyo siku nipige. Nitakuvalia na dhahabu."

Kwa hiyo picha ya dada yangu haikuwa jambo lisilowezekana. Ilikuwa inangoja kitu kimoja tu, mimi nijifunze kazi ya fundi.

Swala waliingia maishani mwetu kwa sababu ya mdomo wangu. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, nimekwenda Al Kamil kikazi na gari la bohari, na katika ile nyika ya mighafu, miti ya jangwani, kando ya barabara ya Sur nikaona swala wanne. Nilipofika kazini walikuwa thelathini na mmoja wao alinisogelea akanusa kioo. Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamhadithia dada.

"Walikuwa wangapi? Mimi nambie kweli."

"Wanne."

"Basi nenda kawapige picha hao wanne, wenzako wakome. Paa wanne wanatosha kumnyamazisha mtu." Yeye swala aliwaita paa, kama wale wa msituni Unguja, ingawa alikuwa akisema paa wa hapa wana miguu ya ziada.

Nikanunua kamera ya mkono wa pili, imechakaa hata ngozi yake imebanduka, pamoja na lenzi yake ndogo ya kawaida. Nikarudi Al Kamil Alhamisi, siku yetu ya mapumziko, nikapiga mkanda mzima wa nyeusi na nyeupe maana ndio uliokuwa rahisi. Zilipotoka, nikazipeleka kazini kifua mbele. Mwenzangu mmoja akaikagua picha, akaileta karibu na pua, kisha akaipiga kofi.

"Nini tena?"

"Nimemuua inzi wako."

Ndipo nikaanza kutafuta lenzi ya kuvuta mbali. Nani asiyejua lenzi hizo? Zile nzuri, nyeupe, nene kama mguu wa mtu, zilikuwa na bei ambayo ningeuza nyumba, dada, na mndimu wake, na bado wangenidai. Mimi nilitaka ya mtu wa bohari. Nikaanza kusoma vijitabu, na kwa vile nilikuwa na shahada ya sekondari sikuogopa namba. Nikajua kwamba lenzi ya milimita mia tatu haitoshi, swala wa Al Kamil hakusubiri ufike karibu hivyo. Mia nne inafaa. Mia tano ndiyo raha. Nikajua pia kwamba lenzi inapokuwa ndefu, tetemeko la mkono nalo linakuwa refu, ununue na miguu mitatu ya kuisimamisha. Na nikajua lile tundu la ndani: ukilifungua, mwanga unaingia mwingi lakini kinachoonekana wazi ni kile ulicholenga tu, ukilifunga, mwanga unapungua lakini na vilivyo nyuma vinajitokeza.

Hilo la tundu nililisoma. Nikalifanyia hata mtihani kichwani. Sikulizingatia.

Niliambiwa Nizwa kuna mtu anauza mia nne, imetumika lakini safi. Nikaenda Ijumaa asubuhi. Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya soko la mbuzi, na mwenye duka akanipa niijaribu nje. Ilikuwa ndefu kama bomba la jiko na nzito kama deni. Nikatafuta mnyama wa kujaribia, na Ijumaa Nizwa wanyama si haba: mnada unaendelea, watu wamekaa duara, wauzaji wanazungusha mbuzi kwa kamba wakipiga kelele za bei. Nikajibanza penye ukuta, nikamlenga mbuzi mmoja mweusi mwenye masikio marefu. Wallahi nilihesabu kope zake.

Mwenye mbuzi akaniona. Akaja na mbuzi wake mkononi, bakora hewani.

"We! Unamtazama nini mbuzi wangu na hilo dude?"

"Najaribu lenzi tu, ammi."

"Jicho moja la mtu linatosha kumtupa mbuzi chini. Wewe umekuja na jicho la dhiraa nzima! Sema mashallah!"

"Mashallah."

"Kwa kila pembe!"

"Mashallah, mashallah."

"Na masikio!"

Duara zima likawa linacheka, na mimi nikamaliza mnada huo nikimwombea mbuzi baraka kiungo kwa kiungo. Lenzi ilikuwa nzuri. Tundu lake lilifunguka na kufungika laini kama jicho la paka. Lakini bei ilikuwa juu yangu, si kwa mbali sana, ila juu. Ningengoja miezi minane, kumi. Mimi sikuwa mtu wa kungoja. Nikairudisha, nikamhadithia dada kwamba mbuzi walikuwa mia mbili na bakora kumi na tano, akacheka mpaka akajichoma sindano.

Fundi picha wetu wa Ibra alikuwa Mwomani mwenzetu, ila kwao walikaa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimejaa "mambo" na "spea". Tulikuwa tukitaniana: yeye ananiita sultani, mimi namwita mtu wa reli. Alikuwa anauza redio na saa kwa mbele, na kwa nyuma ana chumba chake cha giza. Alhamisi moja baada ya alasiri akaniita.

"Sultani, njoo. Nimepata mzigo wa Mzungu mmoja aliyemaliza mkataba anarudi kwao. Vitu viwili, kila kimoja bei ile ile. Chagua."

Cha kwanza kilikuwa lenzi. Fupi, nene, kama kopo la maziwa ya unga. Ndani yake badala ya msururu wa vioo kulikuwa na kioo cha kujitazamia, mwanga unaingia, unagonga nyuma, unarudi mbele, ndipo unafika kwenye filamu. Mia tano! Nyepesi, naishika kwa mkono mmoja.

"Mbona rahisi?"

"Ina ulemavu. Haina tundu la kufungua na kufunga. Imezaliwa hivyo hivyo, itakufa hivyo hivyo. Ulicholenga utakipata, cha nyuma kisahau, kitakuwa uji. Na penye kung'aa itakupa viduara."

"Nyuma ya swala kuna nini cha maana, mtu wa reli?"

"Mimi nakwambia tu, usije ukarudi kunilalamikia."

Cha pili kilikuwa kwenye boksi: mashine ya kukuzia picha, trei tatu, taa nyekundu, kopo la kusafishia mkanda, mpaka koleo. Chumba cha giza kizima, cha kuweka jikoni. Nilisimama pale, na sitasema sikuelewa. Nilielewa. Niliiona mpaka meza ya jikoni, dada amekaa na dhahabu yake, anacheka.

Nikaomba muda, nikaenda nyumbani kumwambia. Alikuwa uani, kofia gotini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja mbio, umekimbizwa na mbuzi tena?"

Nikamweleza vyote viwili. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na wewe moyo wako uko wapi?"

"Lenzi, dada. Swala wanakwisha, kila mtu anasema. Wanawindwa, na mbuzi wanawamalizia majani. Baada ya miaka miwili hakuna swala wa kupiga. Mashine ya picha nitaipata tu baadaye. Wewe upo."

"Mimi nipo," akasema. "Kanunue kopo lako."

Hakununa. Ningependa kukumbuka kwamba alinuna kidogo, ningekuwa na kitu cha kushikilia. Alirudi kushona.

Kopo lilinifanya mtu mashuhuri. Nikapata swala wamelala, swala wanakula, swala wawili wanapigana pembe. Nikaweka picha kazini na yule aliyemuua inzi akaomba moja ya kupeleka kwao Manah. Nikapata na mbweha, na ndege wa Sur wenye miguu mirefu, na ngamia wa mtu niliyedhani ni wa mwituni, mwenyewe akanitoa mbio. Kila Alhamisi niko porini, kila Jumamosi niko kwa fundi. Miaka ikaenda namna hiyo. Mashine ya kukuzia ilikaa dukani kwa muda, kisha siku moja haikuwepo, na mimi sikuuliza imekwenda wapi.

Mara moja tu dada alikuja nami. Alitaka kumwona huyo paa aliyemnyang'anya ndugu yake Alhamisi zote. Tulitoka Ibra baada ya alfajiri, ana chupa ya chai, vitumbua na kofia ya kushona, na njia nzima ananiuliza kama nimefika kweli Al Kamil au ninaitaja tu. Nikamkalisha chini ya mghafu mkubwa.

"Kaa hapa, usipige kelele."

"Nipige kelele na nani? Wewe nenda kacheze."

Nikazunguka mbali, nikalala nyuma ya kichuguu cha mchanga na miguu mitatu yangu mifupi. Nikangoja. Swala akatoka, dume, shingo juu, akaja akasimama baina yangu na mti. Dada alikuwa ametulia na sindano yake hata swala akamdhani ni sehemu ya mti. Nikapiga mara tatu. Ndiye swala mzuri kuliko wote niliowahi kuwapata. Kila unywele wa sikio unauona. Na nyuma yake, juu ya mgongo wake, kuna kitu kama doa la moshi, kimeinama, na pale jua lilipogonga bangili pametoka viduara viwili vitupu, kama alama za vikombe juu ya meza.

Picha zilipotoka nikamletea.

"Umeniharibia picha, dada. Tazama, umeingia."

Akaisogeza kwenye mwanga. "Wapi? Hapa? Hiki si kichaka hiki?"

"Ni wewe."

"Mtume! Nimekuwa uji." Akacheka sana. "Haya, kata."

Sikukata, kwa uvivu tu. Niliitia kwenye boksi pamoja na nyingine.

Mwaka uliofuata miguu ikaanza kumvimba, pumzi ikawa fupi. Alikuwa anasimama katikati ya ua, anajifanya anaukagua mndimu. Madaktari wa Ibra wakasema ni moyo, wakampeleka Nizwa. Nilikuwa naenda kila siku baada ya kazi, naingia saa ya kutazama wagonjwa na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Paa wako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Waongo kama wewe." Akapumzika kidogo. "We mwana. Ushajua kusafisha?"

"Kusafisha nini?"

"Picha. Ushajifunza?"

Nilikuwa namenya chungwa. "Bado, dada."

"Bado." Akaitazama dari. "Basi ukijua uje. Dhahabu iko kwenye sanduku la kofia, chini."

Sikumaliza chungwa. Nilirudi Ibra nikaenda moja kwa moja dukani na kopo langu ndani ya mfuko, nikaliweka juu ya kaunta.

"Lichukue. Nataka ile mashine ya kukuzia, na trei zake."

"Sultani, ile iliuzwa zamani. Iko Jalan Bani Bu Ali kwa mwalimu mmoja. Unataka ya nini leo?"

Nikamweleza. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu, maana utamwambiaje fundi kwamba dada yako hataki aonwe na fundi? Akanisikiliza mpaka mwisho. Mteja alikuja na saa, akamfukuza kwa mkono.

"Miaka yote hii," akasema, "unakuja hapa kila Jumamosi, tunakunywa chai."

"Ndiyo."

"Na chumba hiki hapa, hatua nne kutoka ulipokaa. Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu? Ningekufundisha kwa mkanda mmoja wa swala. Siku ya picha ya dada ningetoka, ningekaa kule barabarani kwenye gari langu, ufunguo mfukoni mwako. Unasafisha, unakuza, unachukua na mkanda wako, unakwenda. Mimi nione nini?"

Nilikuwa nimechagua baina ya vitu viwili, na kumbe hakuna aliyenilazimisha kuchagua. Sharti la dada lilikuwa mikono yangu. Jikoni kwake alitaja kwa kuwa hakujua chumba kingine, na mimi, mwenye shahada, sikufikiri hatua nne.

Siku hiyo hiyo alifunga mlango wa duka akanifundisha. Nikaharibu mkanda, akanipa mwingine. Tukapanga Ijumaa: asubuhi nampiga dada picha, kwani daktari alisema huenda Alhamisi akaruhusiwa, mchana fundi ananiachia chumba. Nilimwambia dada Jumanne.

"Umejua kweli, au nigawe kwa nne?"

"Nimejua nusu, dada."

"Nusu ya kwako ni robo ya robo." Lakini alifurahi. Alimwomba binti wa ami yetu amletee hina Nizwa, akakatazwa na muuguzi, akamwita muuguzi mambo ambayo kwa bahati aliyasema kwa Kiswahili.

Alifariki Jumatano baada ya alasiri. Kamera ilikuwa ndani ya gari, mkanda mpya umeshatiwa. Nilikuwa nimeshaazima kwa fundi lenzi ndogo, ile ya kupigia mtu karibu.

Nilimwona uso, mimi ni ndugu yake, nilikuwa na haki hiyo. Kamera sikwenda kuichukua. Tulimzika Ibra, na wakati wa kumteremsha watu walishika shuka juu ya kaburi, pande zote, asionekane na asiye wake, kama inavyofanywa kwa mwanamke. Mimi nilikuwa chini, ndani ya shuka, nimempokea. Fundi alikuwa miongoni mwa walioshika pembe. Nilimwona kwa chini, amegeuza uso wake kando kabisa, anatazama ukuta wa makaburi.

Baadaye nilioa. Nikapata binti wawili na mtoto wa kiume mnene kama mimi. Zikaja kamera zisizo na filamu, halafu simu zenye kamera ndani. Binti yangu mkubwa hupiga sahani yake ya wali mara arubaini kabla hajala, na hakuna fundi, hakuna maji, hakuna kamba. Dada angekaa uani na kanga moja akacheka atakavyo. Nimekokotoa mara nyingi: ni miaka michache tu. Hii haihitaji kugawanywa kwa nne.

Siku moja binti huyo huyo akaniuliza, "Baba, shangazi alikuwa vipi?"

Nikafungua mdomo. "Kama..." nikasema, nikatazama chumba kizima nikitafuta mtu. Mimi nimefanana na baba. Wanangu wamefanana na mama yao. Hakuna mlangoni kwetu wa kumshtua mzee yeyote.

Ndipo nikalitoa lile boksi chini ya kitanda, nikapekua swala wote mpaka nikampata yule dume wa Al Kamil. Nikachukua mkanda wake nikaupeleka kwa fundi. Duka lake sasa lilikuwa linauza vifuniko vya simu. Chumba cha giza amekijaza maboksi. Nilimwomba anikuzie moja ya mwisho, kubwa kadiri trei inavyoruhusu. Mimi mwenyewe ndani ya chumba kile sikuweza kuingia tena, na mpaka leo sijaingia. Alihamisha maboksi siku nzima.

Siku mbili baadaye akanitolea juu ya kaunta. Swala alikuwa mkubwa kama mwana mbuzi. Nyuma yake doa lilikuwa limekua pia, na kadiri lilivyokua ndivyo lilivyozidi kuwa si kitu: kijivu, laini, halina jicho wala pua. Ile mia nne ya Nizwa ingefungwa tundu, angalau ningepata kidevu. Viduara viwili vya bangili vilikuwepo, vikubwa sasa kama pete za pazia.

"Swala safi," fundi akasema. "Ila nyuma pana kitu. Ni mti?"

"Mti."

"Unamharibia. Nikukatie hapo? Atabaki peke yake, atapendeza."

"Usikate."

Akaniangalia. Akaiangalia picha tena, vile viduara, kile kilichoinama. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa swala wangu hata mmoja, akaifunika kwa karatasi nyeupe bila ya kuitazama, akaitia kwenye bahasha na kunipa kwa mikono miwili.